Nilimuuliza kocha maswali ya karani

Barua pepe ya kuomba jina langu liingizwe kwenye potali ya uhamisho, ile orodha ya mtandaoni ya wanamichezo wa vyuo vya Marekani wanaotaka kuhama shule, niliituma saa tano unusu usiku, mwishoni mwa Mei 2025, nikiwa nimekaa juu ya mashine ya kufulia katika chumba cha chini cha bweni. Ilikuwa mistari minne tu. Aliyejua habari hizo ni mmoja, mwenzangu wa chumbani, Mganda kutoka Kapchorwa, naye alikuwa amenisihi nilale kwanza. Sikulala. Nilibonyeza, nikasubiri nguo zikauke, nikapanda juu nikiwa na amani ya mtu aliyemaliza kazi. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa haijaanza, na mimi nilikuwa nimeianzia mwisho.

Naandika haya kwa sababu vijana wa kwetu Iten na Kapsowar wananiuliza swali lile lile kila mara: bro, nahama vipi? Nikijibu kwa ujumbe wa sauti nachukua dakika kumi na bado nasahau nusu. Basi nusu zote mbili ni hizi.

Nilifanya KCSE, mitihani ya Kenya ya kumaliza sekondari, Machi 2022, ile iliyosogezwa na korona, na Januari 2023 nikatua Marekani na koti moja ambalo halikuwa koti. Shule sikuichagua. Kocha alinipata kwa WhatsApp, akasema anapenda ninavyokimbia, nami nikasema asante. Sikuuliza wanafundisha nini. Sikuuliza ufadhili unalipia nini. Nilijua tu kwamba Henry Rono alipitia chuo cha Marekani, Washington State, na kwamba mwaka 1978, akiwa bado mwanafunzi wa huko, alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81. Kwangu hiyo ilitosha kuwa utafiti.

Miezi kumi na minane ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha kocha yule akaondoka, akaja mwingine ambaye hakunichagua. Simlaumu sana; alihitaji pointi, na njia rahisi ya kupata pointi ni kumkimbiza Mkenya mita 10,000 Alhamisi na 5,000 Jumamosi. Msimu wa vuli wa 2024 mfupa wa muundi ukapata ufa. Nilikaa wiki tisa nikiogelea na kuendesha baiskeli isiyokwenda popote. Wakati huo huo nilikuwa nimegundua kwamba ninachotaka kusoma ni mambo ya ujenzi, na shule yetu haikuwa nayo. Mimi nilikuwa nimeandikishwa sayansi ya mazoezi kwa sababu ndiko wakimbiaji wote waliandikishwa. Kwa hiyo sababu za kuhama nilikuwa nazo, na nzuri. Tatizo ni kwamba siku niliyotuma ile barua pepe sikuongozwa na sababu hizo. Niliongozwa na hasira, kwa kuwa jina langu lilikuwa limebandikwa tena kwa mbio mbili.

Utaratibu wa kuingia kwenye potali ni mwepesi, na wepesi huo ndio mtego. Katika Daraja la Kwanza, la juu kabisa, la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, unamwandikia afisa wa kanuni wa idara ya michezo, unapitia somo fupi la mtandaoni kuhusu uhamisho, naye ana siku mbili za kazi kuliingiza jina. Kocha hawezi kukuzuia. Tangu 2024 hata kukaa msimu mzima nje hakupo tena, mradi masomo yako yawe sawa, hata kama umehama mara tatu. Lakini kuna dirisha. Kila mchezo una siku zake na siku zenyewe hubadilishwa karibu kila mwaka, kwa hiyo usichukue tarehe kutoka kwa mtu aliyehama mwaka juzi. Na kuna jambo ambalo nilisaini bila kulisoma: jina likishaingia, shule ya zamani inaruhusiwa kukukatia ufadhili muhula ukiisha. Unaweza kuliondoa jina ukijuta, lakini kocha halazimiki kukurudisha. Mimi nilikatiwa ndani ya wiki. Barua ilikuwa na heshima zote.

Nilidhani simu itawaka moto, ila ilikaa kimya siku nne. Niseme wazi kuhusu muda wangu: 14:02 katika mita 5,000, na 29:20 katika 10,000. Iten ukisema hivyo mtu anaendelea kunywa chai. Nilifikiri Marekani ni tofauti. Siku hizi si tofauti sana, kwa 14:02 hufiki hata mashindano ya kanda. Siku ya tano ndipo barua pepe zikaanza, sita kwa jumla, nyingi za shule ndogo. Hakuna haja ya kutengeneza video au kulipa mtu wa kukutangaza. Matokeo yako yote yako TFRRS, tovuti ya matokeo ya riadha ya vyuo, na kila kocha anajua kuyatafuta. Na rafiki akikuletea salamu za kocha wa shule nyingine kabla jina lako halijaingia potalini, usizijibu. Kocha haruhusiwi, na ukichunguzwa ni wewe utakayeonekana kwenye ile simu.

Shule ya kwanza kunipigia ilinipendeza mno. Kocha alicheka vizuri, aliujua uwanja wetu wa Kamariny kwa jina, akasema kila kitu kimelipwa. Nikamuuliza: je, chumba? Kimelipwa. Chakula? Kimelipwa. Masomo yangu yatahesabiwa? Bila shaka. Nilimpigia Mama usiku huo nikamwambia nimepata.

Tarehe 6 Juni 2025 jaji wa mahakama ya shirikisho akaidhinisha yale mapatano makubwa ya kesi kati ya wanamichezo na NCAA, yanayoruhusu shule kuwalipa wachezaji. Kwenye kundi letu la WhatsApp watu walizungumzia mamilioni ya wachezaji wa futiboli ya Kimarekani. Hakuna aliyesema kwamba kwa shule zilizoingia kwenye mpango huo, timu ya mbio za nyika ingekuwa na watu 17 tu, na riadha 45, hata wale wanaojilipia wenyewe wakiwemo. Kabla ya hapo mambo yalikuwa kinyume: unaweza kujaza basi zima la wakimbiaji, lakini ufadhili kamili wa wanaume wa riadha na nyika wote pamoja ulikuwa wa watu 12.6. Ndiyo, nusu na robo za mtu. Kocha alizikata kama keki. Sasa dari la ufadhili limeondolewa, likaja dari la vichwa. Siku chache baadaye kocha wangu mwenye kicheko kizuri akaniandikia ujumbe mfupi. Nafasi zimejaa. Alinitakia heri.

Sina hakika kama alinidanganya. Nafikiri aliniahidi kitu ambacho hakikuwa chake. Kalamu iko ofisi ya ufadhili, na mpaka upate mkataba wa ufadhili wenye kiasi, muda na sahihi, una kicheko cha mtu tu. Nilikuwa nimemuuliza kocha maswali ya karani, naye akanijibu kama kocha.

Wiki ile nilikuwa mtu asiye na shule. Shule ya zamani imenikata, mpya imenifuta, na mimi ni mwanafunzi wa kigeni. Nisipokuwa na shule, sina haki ya kuwa nchini. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mbio ni sehemu ndogo ya uhamisho wangu. Mmarekani akihama anahamisha viatu. Sisi tunahamisha fomu ya I-20, inayothibitisha kwamba shule imekupokea, na rekodi ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na hizo haziko kwa kocha wala kwa afisa wa kanuni. Ziko kwa mshauri wa wanafunzi wa kigeni, ambaye mara nyingi hajui hata kama unakimbia. Huyo ndiye mtu ambaye ningepaswa kumwona kabla ya wote, na nilimwona wa mwisho.

Shule niliyoko sasa ilikuja kupitia barua pepe ambayo nilikuwa sijaifungua. Kocha wake hakunisifu. Alisema: kabla hatujazungumza, tuma matokeo yako ya masomo kwa mama huyu. Mama mwenyewe ni afisa wa kanuni, ana sauti ya mwalimu wa hesabu, na baada ya siku tatu alinitumia jedwali.

Acha nilieleze jedwali hilo polepole, maana hapa ndipo vijana wengi wanapotea. Nilikuwa nimefaulu krediti 61, yaani vipimo vya masomo vinavyojumlishwa mpaka shahada. Kati ya hizo, shule mpya ilikubali 43 kwa shahada ya usimamizi wa ujenzi. Zile 18 nyingine hazikupotea hasa. Zilipokelewa, lakini hazihesabiki kwenye shahada hiyo. Saikolojia ya michezo haijengi ukuta. Sasa, kanuni ya Daraja la Kwanza inasema ukiingia mwaka wa tatu lazima uwe umekamilisha asilimia 40 ya shahada yako, mwaka wa nne 60, wa tano 80. Shahada ni krediti 120. Asilimia 40 ni 48. Mimi nina 43. Kwa hiyo mtu mwenye krediti 61 na wastani mzuri alikuwa hawezi kukimbia, kwa upungufu wa krediti 5. Uhandisi wa ujenzi, ambao ndio niliuota, ulikuwa mbali zaidi. Mama yule aliweka jedwali lake pia, nikaliangalia mara moja nikalifunga. Hilo bado linaniuma kidogo.

Na saa haisimami. Kwa kanuni za 2025 una miaka 5 ya kushindana misimu 4 tangu siku ulipojiandikisha kwa mara ya kwanza kama mwanafunzi wa muda wote, uhame au usihame, uumwe au upone.

Dawa ilikuwa masomo mawili ya kiangazi, krediti 3 kila moja, kwenye shule mpya, kuanzia wiki ya pili ya Julai. 43 na 6 ni 49. Tukakubaliana. Safari hii mkataba ulikuja kwa maandishi, nikausoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na yule Mganda, ambaye anasoma uhasibu na hapendi watu.

Nikaenda kwa mshauri wa wanafunzi wa kigeni nikiwa na furaha. Akaniuliza niweke tarehe gani ya kuachilia rekodi yangu ya SEVIS kwenda shule mpya. Nikasema ya karibu kabisa. Akaandika 16 Juni. Alinisomea maelezo, na mimi nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa masharti ya ndege.

Kiangazi kile nilikuwa nasafisha mabweni ya shule, saa 40 kwa wiki, dola 11 kwa saa. Wakati wa muhula mwanafunzi wa kigeni haruhusiwi kupita saa 20, lakini likizo unaweza kufanya zote, mradi kazi iwe ndani ya kampasi ya shule iliyoshika I-20 yako. Asubuhi ya tarehe 16 nilikuwa ghorofa ya pili nikikwangua gundi ya mabango ukutani, msimamizi akaja, akanyoosha mkono, akaomba funguo. Kuanzia usiku uliopita mimi nilikuwa wa shule nyingine. Ningetaja tarehe 3 Julai, ningefanya kazi karibu wiki tatu zaidi na bado ningewahi masomo. Sheria inahitaji tu masomo mapya yaanze ndani ya miezi 5. Niliharakia nini? Mpaka leo sijui. Nafikiri nilitaka tu kuona jina la shule mpya kwenye karatasi.

Fedha hizo nilikuwa nimezipigia hesabu. Shule ya zamani ilikuwa inanidai dola 1,140: bima ya afya ya muhula uliopita ambayo ufadhili haukuilipa, na wiki za bweni baada ya kufunga. Deni likiwepo hawatoi nakala rasmi ya matokeo, na bila nakala rasmi, zile krediti 43 ni hadithi tu. Kabla ya kutuma barua yoyote ya kuhama, ingia kwenye akaunti yako ya mwanafunzi uangalie kama kuna zuio la deni. Inachukua dakika mbili. Mimi niliangalia Juni.

Niliwapigia nyumbani. Ukiwa Marekani fedha huenda upande mmoja. Kila mtu kijijini anajua hivyo, na mimi mwenyewe nilikuwa nimetuma kidogo mara mbili tatu ili ionekane. Kumwambia Mama kwamba sasa zije upande wangu ilikuwa ngumu kuliko kilomita ya nane ya 10,000. Alinyamaza, akauliza: "Unakula?" Nikasema nakula. Akasema ataongea na akina mama wa chama chao cha kukopeshana. Shilingi 60,000 ziliingia kwa anko wangu aliyeko Texas, zikawa kama dola 460 mkononi mwangu. Mganda akanikopesha 300. Zilizobaki, 380, zilikuwa akiba yangu yote. Nakala ilitolewa tarehe 30 Juni, siku tatu kabla ya mwisho wa kujiandikisha.

Kuna gharama nyingine isiyo na risiti. Dada yangu alifanyiwa koito, sherehe yetu ya posa na mahari, Julai. Nilikuwa nimeahidi kuwa nyumbani. Lakini visa iliyo kwenye pasipoti yangu ilikuwa imekwisha muda. Kuisha kwake si kosa ukiwa ndani ya nchi, I-20 ikiwa hai unasoma kama kawaida. Kosa ni kutoka bila kujua utarudi vipi. Mwishoni mwa Mei serikali ya Marekani ilikuwa imesimamisha kupanga miadi mipya ya visa za wanafunzi, na ilipofungua tena Juni ilikuja na ukaguzi wa akaunti za mitandao ya kijamii. Mshauri wa shule mpya aliniambia: mimi siwezi kukukataza, ila mimi nisingekwenda. Basi nikaiona koito kwenye simu ya binamu. Niliona miguu ya watu, kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kikipita, sauti ya baba mdogo akijadiliana habari za ng'ombe na upande wa pili. Simu ilikatika kabla dada hajaingia. Nilikuwa na mtihani wa hesabu saa mbili baadaye na niliufaulu. Naona vibaya kuandika kwamba niliufaulu, lakini ndivyo.

Nikiulizwa leo kama najuta kuhama, hapana. Kuhama si aibu wala si utoro. Sally Kipyego alianzia chuo cha miaka miwili, South Plains, kabla ya kuhamia Texas Tech, akashinda mataji tisa ya NCAA na baadaye fedha ya Olimpiki London 2012. Tena kwa kijana ambaye matokeo yake ya KCSE au makaratasi yake yana kasoro, chuo cha miaka miwili ni mlango mzuri, kwa sababu kule kila mtu anajua utahama na ofisi zimezoea kazi hiyo. Kinachonisumbua ni mpangilio tu. Ningeanza kwa mshauri wa wageni, kisha msajili, kisha akaunti yangu ya deni, kisha shahada ninayoitaka, halafu makocha. Na mbio ya Alhamisi na Jumamosi ningeikimbia tu, msimu uishe.

Shule mpya ni nzuri. Kocha ananikimbiza mara moja kwa wikendi. Nilishindana Septemba bila kukaa nje, nikamaliza wa nne katika timu, muundi ukiwa kimya. Halafu nikafungua akaunti yangu nikakuta dola 784 zimekatwa. Nilidhani ni makosa. Safari hii sikumwendea kocha. Nilikwenda moja kwa moja kwa mhasibu, mzee mwenye miwani miwili, mmoja kichwani mmoja puani. Akanieleza: sehemu ya ufadhili inayolipia chumba na chakula huhesabiwa mapato, mwanafunzi wa kigeni hukatwa asilimia 14, na Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kukupunguzia. Karo na vitabu havitozwi. Shule ya zamani ilinilipia karo na vitabu tu, ndiyo maana sikuwahi kuiona. Ufadhili kamili, kumbe, una ukamilifu wake. Alinionyesha fomu ya kujaza mwakani, kwani huenda sehemu ikarudi, na akaniruhusu kulipa kwa mafungu manne.

Mganda nimemlipa 100. Kwa salio lake amesema nimtafutie spaiki, viatu vya mbio, namba 43, za rangi yoyote isipokuwa njano. Deni la Mama ndilo refu. Chama chao hukutana Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya kanisa, nyumbani kwa mwenye zamu, na katibu husoma madeni kwa sauti kabla ya chai. Langu linasomwa kwa jina la Mama.